Sauti ya Mama Mezani

Mhariri alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili, anaongea kwa sauti nyembamba ya kizee, na meza nzima ilicheka mpaka vijiko vikalia kwenye visahani. "Usinishike kama samaki wa sokoni, we mtoto! Mimi ndiye niliyekuzaa!"

Wino alisimama mlangoni, begi la safari bado mkononi; alikuwa amemwachia dada yake kazi ya kumtunza mama. Maneno yale aliyajua. Mama yake aliyasema akiwa uchi juu ya kigoda, siku alipojichafua na Wino akawa anamwosha. Na Wino aliyaandika kwa mtu mmoja tu: Mshairi, mwenye nyumba hii.

Waliandikiana tangu enzi redio zilipokuwa kubwa kama kabati, barua nene hata tarishi akadai zimemshusha bega moja. Riwaya za Wino zilisomwa na yeyote mwenye macho. Barua zake zilisomwa na Mshairi peke yake. Ndivyo alivyodhani.

"Jamani, mwenyewe huyu hapa!" Mshairi aliruka kumkumbatia, ananuka poda na vitunguu. "Dada yangu, mbona hukusema unakuja leo? Pita! Wote wanakujua."

"Wananijua kwa lipi?"

"Kwa barua zako, mpenzi. Kila ikifika nawaita. Wasiofika nawapigia nakala kwa taipu." Alisema kama mtu anayetaja fadhila zake.

Mwalimu mmoja, midomo yake iking'aa mafuta ya nyama, akaegemea mbele. "Na mama je? Tumbo limetulia?"

Kicheko kikazuka upya. Kila kinywa pale kilikuwa kimemtafuna mama yake, kikafutwa kwa kitambaa, kikangoja sahani nyingine.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa? Dada, kwa ulivyoiandika ile! Ulitaka nicheke peke yangu kama mwehu?"

Mhariri aliachia pua. "Nisikilize, bibie. Riwaya zako zote zimepita mikononi mwangu. Hakuna ukurasa unaoufikia ule wa mama yako. Nipe niuchapishe."

Wino alifungua kinywa amtukane. Lakini kabla tusi halijafika, kifua kilimjaa, mashavu yakapata moto, akajikuta anataka kuuliza: kweli? Furaha ile ilimtambalia ndani kama konokono, ikaacha ute. Ilimtia kinyaa kuliko vicheko vyote.

"Nataka barua zangu," alimwambia Mshairi. "Na nakala."

"Nakala ziko kwa watu, mpenzi. Nitazirudishaje, nizoe mvuke kwa ungo?" Kisha sauti ikamlegea. "Lakini utaniandikia?"

Wino aligeuka akatoka.

Nyumbani, mama alimtazama kutoka kitandani. "Mbona upesi? Wamekulisha nini hao wasomi wako?"

"Sijala."

"Wamekuudhi."

Wino alichota maji ya uvuguvugu, akakunja mikono ya blauzi, akamkalisha mama. Mgongo ule mwembamba ulipolowa, sentensi ikaanza kujiunga kichwani mwake, nzuri, na koma zake tayari. Akasugua kwa nguvu.

"Polepole, we! Unatoa nini hapo?"

"Uchafu."

"Uchafu gani? Dada yako ameniogesha asubuhi hii hii. Au mnashindana kunichuna?"

Wino alilegeza mkono. Mama akaendelea kulalamika, neno kwa neno, na yeye hakuweza kuacha kusikiliza.