Dirisha la Seremala

Futi ya bwana afya ilianzia kwenye ukuta wa banda la ng'ombe, ikapita chini ya kamba yangu ya nguo, ikaishia kwenye dirisha la jirani yetu, seremala. Bwana afya akatikisa kichwa. Kanuni za makazi, alituambia, zinaruhusu ng'ombe mmoja, ila banda lisikaribie dirisha la chumba cha kulala. Letu lilikuwa karibu mno, na uani kwetu hapakuwa na pa kulisogeza.

"Nitarudi Ijumaa," alisema, kwa upole ulioniudhi zaidi. "Nikute banda limehama, au ng'ombe ameondoka."

Mama mkwe alikuwa kando, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Alipofiwa na mumewe tulimsihi aje kuishi nasi. Alikubali kwa sharti moja, aje na ng'ombe wake. Ng'ombe akiondoka, naye angerudi kwenye ile nyumba tupu. Watu hudhani mkwe na mkaza mwana ni paka na panya. Mimi, mimba yangu ilipoharibika, mama huyu ndiye aliyeniogesha na kunilisha mpaka nikasimama tena. Sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya dirisha.

Nani alitushtaki, nilijidai kumjua. Seremala anaishi peke yake, hana masihara na mtu, na alishalalamikia harufu ya banda zaidi ya mara moja. Wiki ile nilimpita njiani nimevimba, salamu nimeimeza.

Ijumaa, kabla bwana afya hajaikunjua futi yake, seremala alichungulia dirishani.

"Pima ukitaka," alisema, "lakini hapa halali mtu. Njooni muone."

Tukaingia. Chumba kilijaa mbao kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kitanda hakikuwepo.

"Unalala wapi?" bwana afya aliuliza.

"Sebuleni. Mbao zilikuwa zinanyeshewa nje."

Mvua yenyewe tulikuwa tumeisahau. Bwana afya alimtazama, akanitazama, akairudisha futi mfukoni.

"Stoo haina masharti," alisema, akatuaga.

Jioni nilimpelekea seremala jagi la maziwa. Mlango wake ulifunguka nusu tu, kitanda kimeuzuia, ikabidi nipite kwa ubavu.

"Shemeji, nilikudhania vibaya. Ahsante. Sijui hata niseme nini."

"Usiseme kitu. Harufu ile bado siipendi." Alilipokea jagi, akabaki amelitazama. "Ila mama mkwe wako, kila alfajiri akikamua, humsimulia ng'ombe habari za marehemu mzee wake. Walivyokutana, walivyogombana, walivyopatana. Mimi pia nimezika mke. Nilikuwa nikimsikiliza pale dirishani. Huku sebuleni sauti haifiki."

Nilirudi nyumbani machozi yananitoka. Kwetu mama hajawahi kulitaja hata jina la mzee. Nikamweleza yote, neno kwa neno, nikihofu ataona haya kwamba kumbe kuna aliyekuwa akimsikia. Aliendelea kuosha ndoo ya kukamulia, akaiinamisha ichuruzike maji.

"Mwambie kesho aje bandani," alisema. "Aje na kigoda. Mimi ninacho kimoja tu."