Posa kwa Kilatini

Callixte alikuwa na Kilatini kingi kuliko pa kukitumia. Alikisoma miaka mitano katika seminari ndogo kwao Burundi, mpaka siku padri alipomkuta ghalani na jibini la askofu mdomoni, na upadri ukaishia hapo hapo. Sasa alipiga deki hospitalini, Liverpool, si ile ya mpira bali mtaa wa wahamiaji upande wa pili wa dunia, huku akikariri mashairi ya Waroma wa kale nyuma ya mashine ya sakafu, na wagonjwa wakidhani anawaombea.

Basi mpwa wake Égide alipotaka kumposa Chebet, binti wa Kiprono wa mtaa wa Toongabbie, mji huo huo, nani mwingine angekuwa mshenga? Kwao Burundi posa ni mchezo wa maneno. Mzee wa upande wa binti lazima kwanza akatae. Atasema binti hayupo, atasema mmepotea njia, na mshenga atamjibu kwa misemo mpaka mzee aishiwe, watu wacheke, binti atolewe. Ukikubaliwa mara ya kwanza ni aibu, kana kwamba binti anatupwa.

Lakini Kiprono alikuwa Mkalenjin, nesi mwenye miaka thelathini kazini, mtu wa kusema jambo mara moja. Na hakuna aliyemwambia habari za mchezo.

"Mzee Callixte," alisema mara tu walipoketi sebuleni kwake, "nisiwapotezee wakati. Sina binti wa kumpa huyu kijana. Chebet ana digrii mbili. Huyu anaendesha foklifti ya kupakia mizigo ghalani huko Minto."

Jamani, Callixte alivyofurahi! Alijipiga paja. Kumbe mzee anaujua mchezo! Akasimama, akaweka tai sawa, akaunguruma Kilatini, kisha akakifasiri. "Washairi wa Roma waliimba kwamba bahati inawapenda wenye kuthubutu!"

"Nimesema hapana."

"Ah, vizuri sana! Na tena waliimba, tone la maji linatoboa jiwe. Si kwa nguvu, ni kwa kudondoka tu bila kuchoka!"

"Hilo hata nyanya yangu alilijua. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mimi si jiwe, na hamtadondoka hapa mpaka jioni."

Loo! Callixte nusura amkumbatie. Tangu atoke kwao hajakutana na baba wa binti mwenye ulimi kama huu. Akapandwa na mori, misemo ikamtoka ovyo, na katika ovyo hiyo ukamponyoka ule wa kuwaogopa wageni, hasa wakija na zawadi. Macho yote yakaenda kwenye kreti mbili za soda walizokuja nazo.

"Hao Waroma walikuwa na akili," alisema Kiprono. "Mkienda, mbebe na soda zenu."

Callixte akacheka, akacheka peke yake. Égide akamvuta koti.

"Mjomba, acha. Huyu anakataa kweli."

"Kweli namna gani?"

"Kweli kweli. Tazama."

Akatazama. Chebet alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, machozi yanamtiririka. Katika mchezo, binti hujificha akicheka. Callixte akaketi. Aibu ikamshika, aibu ya kumponza kijana aliyemlea kama mwanawe, na katika mashairi yote yaliyojaa kichwani mwake hakuona hata mstari mmoja wa kumwokoa.

"Unisamehe, mzee," alisema polepole. "Kwetu baba anakataa kwa kucheza. Mimi nilidhani tunacheza. Sasa niache niseme bila Waroma. Mimi ndiye nilisoma, na ninapiga deki. Huyu aliacha shule kwa sababu mama yangu, bibi yake, alipooza tukiwa kambi ya wakimbizi, Kigoma. Mimi nilikuwa nakariri mashairi. Yeye ndiye alimwogesha. Miaka mitatu, mama akiwa juu ya mkeka."

Kiprono alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani.

"Miaka mitatu juu ya mkeka? Alipata vidonda mgongoni?"

"Hata kimoja."

"Haiwezekani. Sisi hapa tuna vitanda vya umeme na magodoro ya hewa, na bado wanapata." Akamgeukia Égide, na sasa aliyeuliza alikuwa nesi, si baba. "Ulikuwa ukimgeuza kila baada ya muda gani?"

"Saa hatukuwa nayo, mzee. Nilikuwa nasali rozari. Zikifika sita, namgeuza."

"Na usiku?"

"Usiku pia. Nikisinzia, bibi mwenyewe ananiamsha kwa matusi."

Kiprono akahesabu kwa vidole: rozari sita, kama saa mbili, muda ule ule wa hospitalini. Wauguzi wangapi amewafundisha jambo hilo hilo, wenye vyeti na saa mkononi, na wangapi amewakuta wamelala! Akamtazama binti yake mlangoni, akakohoa.

"Mama Chebet! Lete mursik."

Maziwa hayo ya kibuyu, ya kuwapa watu wa heshima, mama alikuwa ameyaficha tangu asubuhi kwa amri ya mumewe huyo huyo. Sasa aliyaleta mbio. Callixte, machozi yakimlenga, akafungua mdomo.

"Na wewe, in-law," akamwahi Kiprono, "Kilatini tosha."