Vifaranga Siku ya Msiba

Watu wakiniuliza nani aliua vifaranga wa Raudha, nasema jua. Uongo mtupu. Niliwaua mimi, Kristina, nimekaa zangu chini ya feni Kibaha.

Miaka tisa Mwamini ndiye aliyepokea simu za wateja kwenye duka langu la vifaranga. Na anaongea huyo, basi tu. Aulize mtoto kapona homa, aulize mvua ya kule Janga, ndipo afike kwenye oda. Siku moja kabla ya gari kuondoka anapiga tena: mmeshawasha jiko la joto bandani? Kama bado, vifaranga hawapandi gari. Mimi niliona domo tu. Mwaka huu nikanunua mfumo wa kwenye simu: mteja anabonyeza, dereva anapeleka, anapiga picha, anaondoka. Mwamini nikamwambia akapumzike. Wateja wakazidi kuipigia ile laini yake ya dukani, nikaizima.

Hashiru, mume wa Raudha, wa kule Kisarawe, alibonyeza vifaranga mia mbili. Kabla hawajafika, akafariki. Dereva alikuta nyumba imefungwa, wote wamekwenda kuzika Maneromango. Akaweka maboksi mlangoni pa banda, juani, akapiga picha. Simu yangu ikaandika oda imekamilika, nami mjinga nikafurahi.

Habari nilizipata siku ya tatu. Nikaenda kutoa pole. Ndani nikamkuta Raudha mkekani, na Mwamini kando yake amemshika mkono.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema. "Nitakuletea wengine. Angalau ungepiga simu ukasema wasije."

"Nilipiga, dada," Raudha akajibu polepole. "Hashiru alipokata roho tu, nilipiga ile namba ya dukani. Vifaranga hata sikuwakumbuka. Nilimtaka Mwamini, nisikie sauti yake. Ikawa haipatikani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wanawake wote wakaangalia mkeka. Raudha akasema yameisha, kila kitu ni mipango ya Mungu, nami nikaona aibu zaidi kwa alivyonisamehe upesi.

Nikamgeukia Mwamini. "Rudi dukani, Mwamini. Nakuomba mbele za watu. Nilikosea."

Akageuza shingo kuelekea uani, akasema kwa adabu zake zilezile, "Jamani, mpeni mgeni maji."

Miaka tisa tulikula sahani moja.