Mlango wa Datsun ya Njogu

Mbuthia alifika kwangu mtaani Mbotela Jumapili baada ya kanisa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nje ya dirisha, ameushika mlango wa gari usimkimbie. Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu. Njogu alipofariki, Mbuthia, mdogo wake, alilichukua katikati ya matanga, akasema analitunza, na sisi wote tukaketi pale tukinywa chai kana kwamba mtu ameazima sufuria. Akalitunza karibu mwaka mzima. Mimi mke wa marehemu nikawa nasukumiwa viazi vyangu vya biashara kwa mkokoteni kutoka sokoni, na leseni yangu ya udereva ikilala kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Siku hiyo hakuja peke yake. Kando yake alikuwa Mzee Gichuru, ami yao, mkubwa wa ukoo, aliyetolewa kijijini Kangema kwa ajili ya shughuli hii. Shughuli nilikuwa naijua, maana Mbuthia alishanitumia habari kupitia kwa mkewe. Gari limekataa. Mlango wa dereva haufungiki; ukiufunga unafika kona ya kwanza, unafunguka. Basi wamekubaliana nyumbani nirudishiwe, na Mzee aje ashuhudie. Kazi yangu ilikuwa kuandaa chai, kushukuru na kupokea funguo. Hata mtoto angeiweza.

Wakateremka. Mbuthia alivaa kaunda suti ya rangi ya maziwa, imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alikuwa karani wa stoo mahali fulani Industrial Area, na alitembea kama mtu ambaye stoo ile ni ya baba yake.

"Shemeji, habari ya siku nyingi."

"Nzuri. Karibuni."

Hakungoja hata kukaribia mlangoni. "Shemeji, hii gari mimi imeniogopesha. Nimepeleka kwa mafundi mpaka nimechoka. Mlango inafunguka yenyewe. Ukiangalia sana, hiyo si mambo ya fundi." Akapunguza sauti, akamtazama Mzee. "Ni marehemu hajatulia."

Mzee Gichuru akaguna, akavua kofia.

Njogu wangu! Mtu aliyekuwa akilala kabla taarifa ya habari haijaisha, na akishalala hata mvua ya mawe haimwamshi, leo afufuke kuja kuhangaika na mlango wa gari. Nilisikia dharau ikinipanda kutoka magotini. Mtu akiiba, utasema ni njaa. Akiharibu, utasema ni ujinga. Lakini kuiba, kuharibu, halafu kumsingizia maiti? Hapo ndipo nilipopaswa kuingia ndani nikalete chai. Nilienda moja kwa moja kwenye ule mlango.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ndara. Ule mpira mweusi unaozunguka mlango ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pamegandishwa vipande vya ndara, bluu na njano, kutoka juu hadi chini.

"Hii ni nini, Mbuthia?"

"Fundi aliweka. Alisema nafasi imekuwa kubwa, ijazwe."

"Ulilipia hii?"

Akakohoa.

Nikaufungua mlango wazi, nikaishika ncha yake kwa chini, nikauinua kidogo. Ulipanda. Nikauachilia, ukashuka. Mlango mzima unatakiwa ukiuinua hivyo usicheze hata kidogo. Nikatazama kile chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya gari, kile ambacho loki hukiuma mlango ukifungwa. Upande wake wa chini ulikuwa umekwanguliwa ukang'aa. Kwa hiyo mlango ulikuwa umelegea kwenye bawaba na kuanguka kwa nyuma, loki inafika chini ya pale inapotakiwa kuuma, na huyu bwana kila siku anaubamiza kwa nguvu, chuma kwa chuma, halafu anaomba.

Mlango hauanguki wenyewe. Nikaenda kutazama bodi karibu na bawaba, nikakuta imebonyea, na ukingoni mwa mlango kuna rangi ya kijani. Kijani ile niliijua. Ni ya kioski kilicho mbele ya nyumba ya Mbuthia kule mtaa wa Jericho, ambapo nilikuwa nikinunua sukari tukienda kumtembelea.

"Huwa unarudi rivasi na mlango wazi?"

"Kila mtu anarudi hivyo, shemeji. Sasa utaona aje nyuma?"

"Kwa kioo."

"Kioo ilivunjika."

"Ilivunjika ikigonga nini?"

Mzee Gichuru alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, na alikuwa anaitazama ile rangi.

Ningeweza kuachia hapo. Lakini mimi nikishamdharau mtu siwezi kumaliza nusu. Nikaingia ndani, nikajifunga leso kiunoni, nikavuta sanduku la vifaa vya Njogu kutoka chini ya kitanda. Nilipotoka, majirani walikuwa wameshajaa milangoni.

"Piga goti," nikamwambia Mbuthia.

"Shemeji, hizi nguo..."

"Piga goti. Mlango wa gari hufungwa bawaba na watu wawili, mmoja anabeba, mwingine anakaza. Njogu akiwa hai mbebaji nilikuwa mimi. Leo ni wewe."

Akamtazama Mzee, akitumaini kuokolewa. "Beba, Mbuthia," Mzee akasema.

Basi karani wa stoo akapiga goti kwenye vumbi la Mbotela na suti yake ya maziwa, mlango umekaa begani. Nikalegeza nati za bawaba. Uzito wote ukamshukia, akatoa sauti ambayo sikuijua kwa mtu mzima. Mama mmoja akacheka waziwazi, na wengine wakafuata.

"Juu. Juu kidogo. Umeshuka, pandisha. Hapo. Usipumue."

"Shemeji, bega..."

"Nimesema usipumue."

Nikakaza. Nikabandua ndara zote, nikazirusha miguuni pake. Kile chuma cha kwenye nguzo nacho mafundi wake walikuwa wamekisogeza ovyo, lakini alama ya pale kilipokaa zamani bado ilionekana kwenye rangi, nikakirudisha juu ya alama na kukaza skrubu zake. Kisha nikausukuma mlango kwa vidole viwili. Ukafunga. Sauti yake ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiisikia jioni Njogu akirudi kazini, na nilifurahi, sifichi.

Mzee Gichuru akaja, akaufungua, akaufunga. Akarudia. Akalizunguka gari lote polepole, akapiga magurudumu teke, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Kumbe hii gari ni nzima," akasema.

"Tumeitengeneza, Mzee," akajibu Mbuthia, akijipangusa magoti.

Tumeitengeneza!

"Mama Wangeci," Mzee akaniambia, na sauti yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Vile tulikubaliana nyumbani ni hivi. Kama gari imekufa, ikae kwako, uuze vyuma upate kitu ya watoto. Lakini gari nzima ni ya ukoo. Na gari nzima inataka mwanaume."

Funguo zilikuwa mkononi mwake tayari. Mbuthia akanyoosha kiganja, kiganja chenye grisi ya gari langu, na hata haya hakuona. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mimi niliponzwa na mikono. Ningenyamaza, ningeliingiza bovu uani kwangu na kulitengeneza wakishaondoka. Lakini nilitaka waone. Nilitaka mjinga ajue kwamba ni mjinga, kana kwamba mjinga huwa anajua.

Sikulia wala sikubishana. Nilichukua bisibisi, nikainama kwenye nguzo, nikafungua skrubu zile zile nilizotoka kukaza. Kile chuma kikaanguka kiganjani mwangu, nikakitia kifuani ndani ya sidiria. Nikauachia mlango. Ukagonga, ukarudi, ukabaki wazi ukiyumba.

"Mzee," nikasema, "gari imekufa."

"Ametoa chuma!" Mbuthia akapiga kelele. "Mzee, si umemwona? Ametoa chuma akaweka... akaweka huko! Mwambie atoe!"

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Au njoo uchukue, majirani wakiona."

Mzee Gichuru aliutazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akaitazama ile rangi ya kijani, kisha magoti ya Mbuthia.

"Mimi macho yangu ni ya uzee," akasema. "Sikuona chuma. Naona mlango haifungi."

"Mzee!"

"Wewe mwenyewe ulikuja Kangema ukaniambia haifungi. Ulinidanganya?"

Mzee akanigeukia.

"Imekufa kabisa, Mama Wangeci?"

"Kabisa, Mzee."

"Basi neno letu ni lile." Akanipa funguo mkononi, akavaa kofia yake.

Niliingia kwenye gari palepale, mbele yao. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya miguu ya Mbuthia, na mguu wangu haukufika kwenye klachi. Nikakivuta mbele mpaka pale Njogu alipokuwa akinisogezea siku alizonifundisha. Ndipo machozi yakatoka, ya mwaka mzima, kile chuma kikiniuma kifuani. Nilipomaliza nikajipangusa kwa leso, nikawasha gari, nikamwambia Mbuthia aondoke mbele yangu.