Gari ya Kubeba Mama Mukwe

Mutu wa Butembo akiwa na akili, gari yake ya pili ni jeep ingine. Hivyo njo nilimwambia bibi yangu Kaswera, na hata leo ningali ninasema. Mimi Muhindo ninabeba maharagi na viazi kutoka Masereka. Matope ninayajua, na yenyewe yananijua. Lakini Kaswera alitaka berline, gari ndogo ya milango mine, tumbo karibu na udongo, ya kubeba jamaa.

"Jeep yako ni ya magunia," alisema. "Mama yangu hapana gunia."

Hapo alinifunga kinywa. Mama yake, Mama Rébecca, alianguka akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Tangu pale hajaonana na dada yake Elsa, mwenye kukaa Beni, mu Mulekera. Elsa naye miguu inavimba, moyo umechoka, na kwa telefone sauti yake ilikuwa inazidi kupungua. Taxi za barabara zinabana batu bane nyuma. Nyonga ile haiwezi. Mu jeep yangu, mpaka mutu amunyanyue, na Kaswera, mutoto wake mumoja tu, hana nguvu hiyo. Mimi ninanyanyua gunia la maharagi kama mutoto muchanga. Lakini mimi ni mukwe. Kwetu mukwe hapana kumushika mama mukwe, hapana kula naye sahani moja, hapana kumutazama mu macho. Akiwa na neno kwangu, analipitisha kwa Kaswera, hata kama nimesimama pale pale. Heshima ni heshima.

Basi tulienda kwa Juma, mwenye kuuza magari yenye kutoka mpakani Kasindi. Nikaanza kazi ya mwanaume: nikafungua moteur, injini yenyewe, nikalala chini kutazama shasi, nikanusa mafuta. Kaswera hakutazama kitu. Alitoka kwenye parseli, uwanja wa Juma, akarudi na mama yake, mwenye kukaa jirani, akitembea kwa fimbo. Alikuwa amepanga naye bila kuniambia.

Nilikasirika sana. Lakini nafasi ya kukasirika iko wapi, wakati ilibidi nijifiche, mama mukwe asipande gari mbele ya macho yangu? Nilienda nyuma ya ukuta wa matofali, mimi mutu muzima, mwenye kununua, nikachagua gari kwa masikio.

Kwanza ni jeep, ile niliyoipenda. Nilisikia mguu kwenye chuma, Juma akisema "Polepole, mama," halafu mama mukwe akaguna kama mutu mwenye kuzuia kilio. Akajaribu tena, vile vile. Nilitazama mikono yangu nikaichukia. Nguvu yote ile, na imesimama nyuma ya ukuta.

Halafu fimbo ikasogea mpaka kwa berline. Halafu Kaswera: "Kaa kwanza, mama. Sasa geuza miguu." Mulango ukafungwa taratibu. Juma akanifuata, akaninong'oneza, "Amefunga yeye mwenyewe."

"Ni hiyo," nilimwambia. Moteur yake sikuwa hata nimeifungua. Donc, basi musiniulize.

Jumamosi tulishuka Beni, mama na Kaswera nyuma, mimi peke yangu mbele. Macho hayana pazia, njo maana kioo cha dereva nilikigeuza kitazame paa. Kaswera njo alikuwa kioo changu. "Camion nyuma, lori kubwa," alikuwa anasema. "Hapana, ni motar tu, pikipiki." Tumbo la gari liligonga mawe, na kila likigonga nilimeza maneno.

Mu Mulekera, mbele ya nyumba ya Elsa, mama alitoa miguu nje, akajaribu kusimama. Hapana. Kwa Juma tulipima kuingia. Kutoka kisha safari ndefu, nyonga ikiwa imekaza na kiti kiko chini, hakuna mutu alipima. Kaswera alimuvuta mpaka jasho likamutoka. Nilipiga hatua, mikono wazi. Mama mukwe akainamisha kichwa, nikasimama.

"Mwambie mukwe wangu asione haya," alisema kwa Kaswera. "Nitabaki hapa. Nimefika."

Moyo uliniuma. Nimenunua gari, nimevuka mawe yote yale, mama wa batu anakomea mulangoni.

Elsa alitoka. Hakuna aliyemuita, alisikia sauti ya dada yake. Alikuja akishika ukuta, kisha akashika gari, miguu imejaa mu savate, sandali zake, mpaka pembeni. Kama ni jeep, angesimama chini akitazama juu. Alizunguka, Kaswera akamufungulia mulango wa pili. Akainama, matako kwanza, akaketi, akaingiza mguu mumoja, kisha wa pili.

"Rébecca," alisema, "sogea kidogo, unipe nafasi."

Mama mukwe alisogea. Bakashikana mikono pale nyuma. Mimi niligeukia barabara nikalia, batu ba motar bakinitazama.