Mfuko Uliorudi

Mwaka 2008 nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari hapa Guangzhou, na kila Jumamosi asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi Sanyuanli kumsaidia Mama Agape kugawa chakula.

Jina lake hasa ni Clementina. Alikuwa mwanamke wa Bukoba mwenye miaka hamsini na kitu, mnunuzi wa nguo za watoto, na Agape ni mwanawe wa kwanza. Alikuwa amepanga ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Sebuleni kwake makochi yalishahamishiwa chumbani, na mahali pake palijaa magunia ya unga, mchele na maharage, madumu ya mafuta, na dagaa ndani ya ndoo zenye vifuniko kwa sababu ya harufu. Sisi tulipaita ghalani.

Ghala lile lililetwa na viza. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya Beijing mambo yalibana. Watu waliozoea kuongezewa siku waliambiwa hapana, na polisi wakawa wanasimama kwenye ngazi za majengo ya biashara ya jumla wakiuliza pasipoti. Waliokwishapitisha siku zao wakajifungia ndani. Mtu alikuwa anaogopa kushuka hata kununua chumvi. Siku moja Mama Agape aligonga kwa jirani yake Auma, Mkenya mwenye mtoto mchanga, akamkuta anachemsha tambi zile zile kwa siku ya tatu. Akampa unga. Kesho yake Auma akamwambia juu ya wengine wawili wa ghorofa ya chini. Mpaka mwezi wa tano tulikuwa tunapeleka mifuko kwenye milango thelathini na minne.

Chakula kilitoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Mizigo yao huenda nyumbani kwa kontena, wao hurudi China na mabegi matupu. Basi Mama Agape akawa anawapigia simu kabla hawajapanda ndege. "Begi lako lina nafasi, usinidanganye. Niletee dona." Msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, watu walipokuja kwa wingi, ghala lilijaa mpaka tukawa tunapita upande upande.

Majina hatukuandika. Mama Agape alikataa katakata. "Karatasi ikiokotwa, tumewaandikia polisi," alisema. Kwa hiyo tulijua milango, na kila mlango ulipata mfuko wa aina moja: sembe, mchele, maharage, mafuta, chumvi, majani ya chai, na kilo ya sukari. Jovin, kijana wa Kimara aliyefanya kazi ofisi ya kusafirisha mizigo, alipima na kufunga. Mimi nilibeba, kwa kuwa nilikuwa na viza ya masomo na kitambulisho cha chuo, na Kichina changu kilitosha kumjibu polisi.

Mlango mmoja ulikuwa wa Mzee Wilbard. Huyu hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Alikuwa mnunuzi wa mikoba kule Shiling, mtu wa Musoma, mrefu, mcheshi, ambaye Wachina wa viwandani walimwita laoban, yaani bosi, na kusimama akiingia. Wanafunzi wengi tuliwahi kula mezani kwake sikukuu za Krismasi na za Idi. Sasa viza yake ilikuwa imekwisha na alikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, jengo la pili kutoka letu.

Wiki ya kwanza nilimwachia mfuko mlangoni. Wiki ya pili niliukuta mfuko ule ule umening'inizwa kwenye kitasa, umefungwa vizuri. Nikaufungua. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa maharage na vikombe viwili vya mchele. Nikaacha mpya, nikarudi na wa zamani. Wiki ya tatu vile vile, ila sasa yalikosekana maharage tu.

"Anachagua," Jovin alisema nilipoutua sakafuni. "Yuko hotelini huyu? Maharage anataka, unga hataki. Watu wana njaa, yeye bado ni laoban. Mfuko wake apewe mwingine."

Auma, aliyekuwa anatusaidia kuchambua mchele huku mwanawe amelala mgongoni, alisema labda mzee anaona aibu. Mimi nilisema labda hajui kupika. Mama Agape aliinuka. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua pasipoti yake juu ya friji.

"Mwanahija, twende," aliniambia.

"Mama, viza yako imebaki siku ngapi?"

"Zinatosha kuvuka barabara."

Tulipogonga, sauti ilitoka mbali. "Nani?"

"Ni Clementina. Niko na Mwanahija."

"Nimelala, dada."

"Amka basi. Ngazi zimenimaliza pumzi, unataka nianguke mlangoni kwako?"

Alichelewa kufungua. Shati lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa. Nikasema, "Shikamoo, mjomba," akaitikia "Marahaba, binti yangu," kwa uchangamfu wake wa zamani, lakini alikuwa ameshika ukuta. Chumbani mlikuwa na kitanda, jiko la umeme, na mikoba ya sampuli imepangwa hadi dirishani. Kando ya kitanda palikuwa na chupa tupu za maji, kubwa zile za lita tano, nyingi kuliko za mtu mmoja.

"Samahani kwa kuwarudishia mifuko," alisema. "Sikutaka chakula kiharibike, wakati kuna mwenye shida zaidi."

"Chakula chetu kina nini, Wilbard?"

"Hakina kitu. Kizuri sana."

"Watu wanasema unaringa."

Akacheka. "Waache waseme. Ni afadhali."

Mimi nilikuwa naangalia chupa zile. Kisha nikaona mguu wake wa kushoto, soksi imekatwa vidoleni na kitambaa kimezungushwa. Ni jambo nililolisoma wiki chache tu nyuma na sikuwahi kuliona kwa mtu ninayemfahamu.

"Mjomba," nikamwuliza, "usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Akanitazama. "Umeshakuwa daktari?"

"Bado. Mwaka wa pili."

Akakaa kitandani taratibu. "Mara tano. Mara sita."

"Ni sukari?"

"Mwaka wa nane huu. Vidonge viliisha mwezi wa tatu."

Mama Agape alivuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana. "Waitu, Wilbard!" alisema kwa Kihaya, akimhurumia. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, dada? Watu wanafurahia kilo ya sembe, mimi nitume ujumbe kwamba naomba mboga za majani na mayai? Nilikula wali wenu siku mbili, nikaona macho yanaingia giza. Nikasema bora nile maharage peke yake, mengine wale wengine."

"Kilo ya sukari," alisema Mama Agape. Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Nimekuletea kilo ya sukari mara tatu. Tena nikawaambia wafunge vizuri isimwagike." Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake na kulia. Mzee Wilbard, yeye mgonjwa, ndiye aliyekuwa anambembeleza. "Hukujua, dada. Nyamaza. Hukujua."

Nilimsafisha kidonda kwa maji niliyochemsha na chumvi. Kilikuwa kidogo, chini ya kidole gumba, lakini hakikuwa na rangi nzuri. Kesho yake nilimwendea mwalimu wangu mmoja, nikamweleza bila kutaja jina, naye akanielekeza vidonge vya kuanzia, akaniambia mara mbili kwamba mtu huyo anatakiwa hospitali.

Mfuko wa Mzee Wilbard ukabadilika. Mama Agape alinituma kwa Bibi Liang, mama wa Kichina aliyeuza mboga kwenye uchochoro nyuma ya jengo letu. Mchicha alikuwa nao, mchicha kabisa kama wa Tanga. Nilipoomba mafungu manne akauliza nani anakula majani yote hayo. Nikamwambia kuna mzee wetu ana sukari. Bibi Liang akanyanyua kidole nisubiri, akainama chini ya meza, akatoka na karela tatu nene, yale matango machungu yenye vinundu, kijani kibichi. Mumewe pia anaumwa hivyo, alisema, na anazila kila siku akilalamika. Nilipotaka kulipa akasukuma mkono wangu. "Bu yao, bu yao." Hataki. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi karela zilikuwa zimeshatengwa.

Na sisi tukaanza kuuliza. Mlango kwa mlango nilirudi na swali moja: kuna kitu humu hukili, au huwezi kula? Auma mwenyewe, aliyekuwa anakaa nasi kila wiki, alikiri maharage yanamvuruga tumbo mtoto kupitia maziwa yake. Ghorofa ya nne kulikuwa na Wasomali wawili waliokuwa wanagawa kwa jirani nyama za kopo tulizoanza kutia mifukoni wiki zile, kwa kutojua kama ni halali. Mimi Mwislamu ndiye niliyezibeba hadi mlangoni kwao. Niliona haya siku nzima. Jovin akakata vipande vya utepe wa rangi kutoka ofisini kwao na kuvifunga kwenye mifuko, kila rangi na aina yake ya chakula.

Kwa Mzee Wilbard nilikwenda kila nilipopata nafasi, na Mama Agape alikuwa anampikia dagaa kwa karela, akimsimamia mpaka amalize. Rangi ya uso ilimrudia. Alianza kutania tena. Ila mguu haukuwa unapona. Kidole kikaanza kuwa cheusi ubavuni, nami nikawaambia wote wawili kwamba mimi nimefika mwisho wa ninachoweza.

Hospitali ingetaka pasipoti. Kurudi nyumbani kulitaka kupita uwanja wa ndege, na pale asingepita bila kueleza siku alizozidisha.

"Nitakaa kidogo," alisema. "Huenda baada ya Olimpiki wakalegeza."

Mama Agape aliweka bakuli chini. "Wilbard, tumbo lako naweza kulijaza hata mwaka. Mguu wako siwezi."

Mzee Wilbard aliutazama mguu wake. Akauliza, "Nikijipeleka, watanifunga?"

"Sijui," Mama Agape akasema. "Nitakwenda na wewe hadi pale watakaponizuia."

Alimpigia simu mkewe Evaline jioni ile. Jumatatu asubuhi alinyoa, akavaa suti yake ya kwenda viwandani, tukaenda watatu kwa teksi hadi ofisi ya polisi wa uhamiaji. Mimi ndiye niliyetafsiri. Ofisa aliandika maelezo kwa saa nzima, hakupaza sauti, kisha akasema mzee atabaki. Nilikuwa nimeandaa karatasi kwa Kichina: ugonjwa wake, vidonge vyake, kidonda chake, na chakula anachoweza kula na asichoweza. Niliandika usiku kucha kwa kamusi. Ofisa aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Sikujua kama ataitumia au ataitupa.

Mama Agape alikuwa na chakula kwenye hotipoti. Hakikuruhusiwa. Alirudi nacho kesho yake, hakikuruhusiwa, na keshokutwa. Siku ya nne mlinzi wa getini alimletea kiti akae.

Siku kumi na moja baadaye tulisikia amesafirishwa. Baada ya hapo wiki nzima ya kimya, mpaka Jumamosi moja, katikati ya kufunga mifuko, simu ya Mama Agape ikalia na namba ya Mwanza.

Aliweka sauti kubwa tusikie sote. Mzee Wilbard alikuwa hospitali. Kidole gumba kilikatwa, mguu umebaki. Evaline alikuwa kando yake, akachukua simu kutushukuru, akamrudishia mumewe.

"Huko ndani ulikula nini?" Mama Agape aliuliza. Ndilo jambo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Wenzangu walipewa wali. Mimi, kuanzia siku ya pili, mboga na yai. Kila siku. Sikuomba mtu."

Nililazimika kugeukia dirishani. Nyuma yangu nilimsikia Jovin akiomba simu, akijikohoza. "Mzee, shikamoo. Mimi Jovin. Kuna maneno niliyasema juu yako, nayajutia."

"Maneno gani?"

"Kwamba unaringa."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Sasa nina vidole tisa, nitaringa vizuri zaidi. Baba, mpe simu dada yangu."

Mama Agape alienda nayo chumbani, kule kwenye makochi, akafunga mlango. Hatukujua waliongea nini. Auma alinisogezea mifuko minne ya utepe mwekundu, nikaitia begani na kuanza kushuka ngazi.