Mfano: Msichana Yuko Jikoni

Moza Sadalla alikuwa anapima lastiki kwa kuinyoosha kutoka ncha za vidole mpaka puani, kama wanavyopima wauza lastiki wote wa Mtaa wa Tandamti, ila mkono wa Moza ni mfupi na wateja wanalalamika. Meza yake ina vifungo, zipu, uzi na lesi. Pembeni yake anakaa Khalfani, fundi cherehani, ambaye huchukua kwake uzi na kumrudishia maneno.

Goodluck akatokea katikati ya mikokoteni, mfuko mweusi mkononi. Anauza simu na vishikwambi vya mtumba kule Mtaa wa Aggrey.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekileta?"

"Nimekileta. Hiki si cha picha wala muziki, ni cha kusomea vitabu tu. Ndani nimeweka kitabu cha Kiarabu, cha watoto, kina irabu zote. Ukifika kwenye neno hulijui, unalibonyeza hivi, usiliachie. Kamusi inafunguka hapohapo. Maana kwa Kiswahili, chini yake mfano mmoja."

Khalfani akanyanyua miwani. "Mbona hakina rangi? Goodluck, umemuuzia mama wa watu gazeti."

"Mzee Khalfani, gazeti lako unalichaji?"

"Silichaji. Nafungia maandazi."

"Basi hiki chaji yake inakaa kuliko ndoa za mtaa huu."

Moza hakucheka. Alikishika kile kifaa kwa mikono miwili, kama sahani ya mchuzi iliyojaa sana.

Alikuwa na sababu yake. Binti yake Amira alikuwa Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili uliokuwa unaelekea ukingoni. Alipofika tu, simu yake iliwekwa kabatini, kwa usalama wake, waliambiwa. Tangu hapo ni mwajiri ndiye anayepiga, Ijumaa baada ya swala, anazungumza Kiarabu kirefu, halafu anampa Amira spika atoe salamu.

Sasa, Moza alihitimu msahafu akiwa binti mdogo huko Lindi, na pilau likapikwa. Kiarabu anakisoma kama anayeteremka ngazi za kwao. Maana ndiyo hakufundishwa. Siku zile maana ilikuwa ya masheikh. Kwa hiyo mwajiri akisema lolote, Moza anajibu, "Alhamdulillahi." Sentensi ikiwa ndefu anaongeza, "Inshaallah." Mwajiri alimpenda sana.

Mpaka Ijumaa moja. Mwajiri alisema jambo, Moza akalishukuru, kisha Amira akaja kwenye spika na sauti iliyopoa. "Sawa mama," akasema. "Kama wewe umeona hivyo." Kuanzia siku hiyo hakuja tena kwenye simu. Moza alibaki anajiuliza yeye ameona nini.

Ndiyo maana alitaka kamusi.

Kitabu kilihusu mbuzi aliyekataa kupelekwa sokoni. Ukurasa wa kwanza, mbuzi anachungulia jikoni kwa mwenye zizi. Moza akalibonyeza neno la Kiarabu la *jikoni*. Kamusi ikafunguka, ikatoa maana, na chini yake ikaandika:

*Mfano: Msichana yuko jikoni, anachuja tui na kumwita paka wa jirani Mzee Khalfani.*

Moza akausoma mara mbili. Akamwonyesha Khalfani.

"Ni Amira huyu," Moza akasema.

"Ni yeye," Khalfani akakubali. Kisha jambo moja likamuuma. "Paka? Mimi nilimshonea huyo mtoto sare za shule, leo jina langu ampe paka?"

"Labda paka ana masharubu."

"Hata kama."

Wakalibonyeza *dirisha*. *Mfano: Msichana akisimama juu ya ndoo, anaiona bahari kutoka dirisha la jikoni.* Wakalibonyeza *mkono*. *Mfano: Mkono wake wa kushoto uliungua na mafuta, akapaka dawa ya meno, sasa umepona.* Hapo Moza akaupapasa mkono wake mwenyewe wa kushoto, halafu akamhudumia mteja wa zipu.

Goodluck alipopita kuulizia kama kifaa kinafanya kazi, walimweleza. Akakuna kidevu.

"Kamusi za mtumba zina mambo yake," akasema. "Kuna jamaa nilimpa ya Kichina, mifano yote inamhusu shemeji yake aliyeko Guangzhou. Anaijua mpaka saa anayoamka. Mama, nikubadilishie?"

"Ukikigusa nitakuvunja vidole."

"Poa. Nilikuwa nauliza tu."

Ikawa desturi. Asubuhi, kabla vipaza sauti vya wauza mashuka havijaanza kupayuka, Moza anasoma ukurasa mmoja wa mbuzi. Kila neno asilolijua analibonyeza, na kila neno lina habari. Amira amefundishwa kuoka mkate mwembamba. Amira amekatwa nywele na mwajiri, vibaya. Amira anamwimbia mtoto wa nyumba wimbo wa kuruka kamba, na mtoto hataki kulala bila huo wimbo. Mafundi wa jirani wakawa wakipita wanauliza, "Bi Moza, kamusi imeamkaje?" Naye anajibu imeamka salama, au imeamka na mafua. Akiwa na mafua Amira, Khalfani anatuma salamu za pole kwa kukiinamia kifaa na kusema kwa sauti, ingawa Goodluck alishamweleza hakina maiki.

Kiarabu nacho kikaingia. Mtu akisoma habari za mwanawe hasahau msamiati.

Mbuzi alipofika mahali ambapo mchinjaji anamuuliza mwenye zizi kama *amekubali*, Moza alilijua neno lile kwa kulikisia. Akalibonyeza tu ili apate mfano.

*Mfano: Mama wa msichana alikubali mwanawe aongezewe miaka miwili mingine, aliulizwa kwenye simu akajibu alhamdulillahi.*

Mteja alikuwa amesimama na kipande cha kitambaa, anatafuta vifungo vya kufanana nacho. Moza akampa vifungo vya rangi nyingine kabisa. Mteja akaenda navyo.

"Khalfani," akasema. "Niangalizie meza."

Ofisi ya wakala aliyempeleka Amira iko juu ghorofani, lifti ilishaacha kazi, na mlangoni kuna maua ya plastiki yanayomwagiliwa kila asubuhi. Wakala, kijana mwenye shati lililonyooka, alimsalimia kwa heshima, akamletea kiti. Moza akamwonyesha kamusi. Wakala akasoma bila kukunja uso.

"Ni kweli kabisa mama," akasema. "Imeandika vizuri. Mwajiri alinitumia na sauti yako." Akabonyeza simu yake, na ofisi nzima ikamsikia Moza akisema alhamdulillahi kwa uchangamfu mkubwa. Na inshaallah juu yake.

"Sikuelewa alichoniuliza, mwanangu."

"Naona. Lakini kukubali umekubali."

"Namjibu kila kitu hivyo! Angeniambia nyumba inaungua ningesema hivyohivyo."

"Ndiyo mama. Ila hakukuambia nyumba inaungua." Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, alikuwa na mama yake pia. "Binti naye tulimuuliza. Akasema kama mama amekubali, yeye hana neno. Pasi ya kusafiria anayo mwajiri. Malalamiko tunayapokea, ila lazima mfanyakazi ayalete mwenyewe, hapa, kwa miguu yake."

"Atatokaje Muscat kuja kulalamika kwamba haruhusiwi kutoka Muscat?"

Wakala akafikiri. "Huo ndio ugumu wake," akakubali. Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi na kumshika mkono pale penye giza.

Moza hakuomboleza ule mkataba. Miaka miwili ni mirefu, lakini ina mwisho. Kilichomkaba ni kwamba kuna mtoto amesimama juu ya ndoo ng'ambo ya bahari, anajua mama yake ameulizwa kama anamtaka, na mama akamshukuru Mungu.

Akamaliza kitabu cha mbuzi kwa wiki. Akakirudia.

Ijumaa ilipofika, simu ikaita. Khalfani alisimamisha cherehani. Mtu mmoja akavuka barabara kuwaomba wauza mashuka wazime vipaza sauti, nao wakazima, kitu ambacho hawajawahi kumfanyia hata mgambo. Mwajiri akaanza maneno yake. Moza akamwacha amalize. Halafu akazungumza Kiarabu.

Kiarabu chake chote kilitoka kwa mbuzi, kwa hiyo kilikuwa na heshima nyingi na majani mengi. "Ewe bibi mwenye zizi jema," alisema. "Siku ile sikuelewa. Sikukubali. Nilijibu kama kondoo. Nataka mwanangu arudi kabla majani hayajakauka. Na yeye ajue ya kwamba sikuelewa." Neno la mwisho alilisema kwa sauti kubwa, kubwa kupita simu.

 Upande wa pili mwajiri akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeletewa zawadi.

"Mashaallah, mama Amira! Umejifunza wapi? Unazungumza kama kitabu!" Moza alielewa kila neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mwajiri akasema Amira hajambo, watoto wamemzoea, jambo lile limeshapita na wakala amelimaliza. Akamtakia Ijumaa njema. Akakata.

Mtaa mzima ulikuwa unamtazama.

"Kasemaje?" Khalfani akauliza.

"Kasema Kiarabu changu kizuri."

Wauza mashuka wakawasha vipaza sauti taratibu. Moza akakaa. Akafungua kitabu kwa kukosa la kufanya, akalibonyeza neno *kusikia*, ambalo alilijua tangu mwanzo.

*Mfano: Msichana alikuwa anaosha masufuria, alipomsikia mama yake kwenye spika alifunga bomba ili asikie vizuri.*

Vidole vikaenda vyenyewe kwenye *kuelewa*.

*Mfano: Sasa msichana ameelewa kwamba mama yake hakuelewa.*

Moza akampa Khalfani asome, maana macho yake yalikuwa yameacha kazi. Khalfani alisoma, akajifuta kwa kipande cha bitana, akasema vumbi la kitambaa siku hizi limezidi.

"Endelea basi," akasema. "Bonyeza jingine."

Akalibonyeza *kusoma*.

*Mfano: Mtoto wa nyumba anajifunza Kiingereza kwa kifaa chenye kamusi, kila jioni msichana humsomea, na mifano yote inamhusu mwanamke mfupi anayepima lastiki kwa pua.*

Goodluck alipoelezwa alitingisha kichwa kama fundi. "Hivyo viwili vitakuwa vimetoka kontena moja," akasema, akaenda kula.

Tangu hapo Moza ana utaratibu mpya. Mchana alikuwa akinywa chai kavu tu na kusema ameshiba. Sasa anakula wali na maharage na anamaliza, maana huwezi kujua Amira atalibonyeza neno gani. Khanga ya msiba aliyoivaa tangu Amira aache kuja kwenye simu ameikunja, anavaa ya manjano. Ameacha kutukanana na wapagazi. Akikohoa, Khalfani anamletea tangawizi.

"Kunywa," anamwambia. "Unataka mtoto akibonyeza *kifua* akute nini?"

"Na wewe nyoa ndevu. Unaonekana kwenye mifano yangu."

"Mimi nipo kule kama paka. Paka hanyoi."

Mwajiri bado anapiga Ijumaa. Wanazungumza vizuri siku hizi, mpaka habari za hali ya hewa. Kila mara Moza anamwomba Amira arudi, na kila mara mwajiri anamsifu kwa matamshi. Moza hasemi tena alhamdulillahi kwenye simu. Anaitunza mpaka akate.

Neno *kurudi* limo katika ukurasa wa mwisho, pale mbuzi anapoliona zizi lao. Kila jioni, kabla ya kufunika meza kwa turubai, Moza analibonyeza. Maana zipo tatu, zote nzuri. Chini yake imeandikwa *Mfano:* na mbele ya nukta mbili hizo pamebaki peupe.

Huwa anapaangalia pale peupe kwa muda. Kisha anaweka khanga sawa, anakaa wima, na kutabasamu kidogo, kama mtu anayepigwa picha.